Tovuti ya dagaa na mawese Kigoma: mitindo ya kuchukua na ya kuacha

Unaposanifu tovuti ya kuuza dagaa, migebuka au mawese ya Kigoma, mtu wa kwanza kumfikiria ni mnunuzi aliyesimama juani mwaloni Kibirizi, mkononi ana simu ya kawaida na bando analolihesabu. Mitindo mingi inayosifiwa mtandaoni huonyeshwa kwenye kompyuta pana, ndani ya chumba, kwa intaneti ya kasi. Kwa hiyo tunaupima kila mtindo kwa maswali matatu: unasomeka juani? Unafunguka haraka? Unamfikisha mnunuzi kwenye bei? Kazi yenyewe ianze na maandishi, zifuate rangi, kisha picha, na mapambo yaje mwisho. Ukianza na mapambo, utaishia kubana herufi ili zitoshe ndani ya pambo.

Maandishi

Aya ziwe na herufi za pikseli 18, zisishuke chini ya 16. Nafasi kati ya mistari iwe mara 1.5 ya ukubwa wa herufi, na kingo za kushoto na kulia ziachiwe pikseli 16 kila upande. Simu nyingi zina upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya kivinjari, hivyo zinabaki 328 za maandishi, yaani herufi kama 36 kwa mstari. Zinatosha.

Mtindo wa vichwa vikubwa mno, pikseli 64 na kuendelea, unapendeza kwa lugha zenye maneno mafupi. Kiswahili kinaubomoa. Neno "zitakazosafirishwa" lina herufi 18. Kwa pikseli 64 linahitaji upana wa takriban pikseli 570, kwa hiyo litakatwa au litausukuma ukurasa wote pembeni. Kwa pikseli 32 linachukua kama 290 na linakaa vizuri. Basi kichwa kikuu kwenye simu kisizidi 32, na kwenye kompyuta unaweza kukikuza hadi 48. Kwa sababu hiyohiyo usinyooshe aya pande zote mbili: maneno marefu kwenye mstari mfupi huacha mapengo makubwa katikati. Panga kushoto tu.

Tumia fonti iliyomo tayari ndani ya simu. Kama ni lazima ulete yako, leta familia moja yenye uzito wa aina mbili (wa kawaida na mnene), katika WOFF2, muundo mwepesi wa fonti za tovuti, na uweke agizo la "font-display: swap" ili maandishi yaonekane wakati fonti bado inashuka. Bila agizo hilo, mtandao ukiwa mzito mteja anaweza kuona ukurasa mtupu kwa sekunde kadhaa na kudhani tovuti imekufa. Mwanzoni kabisa mwa msimbo andika lang="sw", ili kivinjari na programu za kuwasomea wasioona zijue kuwa ukurasa ni wa Kiswahili.

Rangi

Hapa ndipo tovuti nyingi za vyakula zinapoharibika. Mawese yana rangi yake nzuri ya chungwa iliyokolea, na ni haki kabisa kuifanya rangi ya biashara. Tatizo linaanza inapotumika kuandikia. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa angalau 3 kwa 1. Chungwa la #F57C00 (alama ya # na herufi zake ni jina la rangi kwenye msimbo) juu ya nyeupe linatoa takriban 2.7 tu. Ndani ya chumba utalisoma. Juani bei itapotea.

Dawa yake ni kuwa na machungwa mawili. Lile angavu, #F57C00, liwe la vitufe na mistari ya pambo, na maandishi yaliyo juu yake yawe karibu meusi, #1A1A1A. Hapo uwiano unapita 6. La pili liwe zito, #B23C00, la kuandikia bei na viungo juu ya nyeupe. Linafika karibu 5.9. Ongeza rangi moja ya ziwa, buluu ya kina, kwa kichwa cha ukurasa. Rangi tatu na nyeusi yake zinatosha. Ya nne itaanza kugombana na picha za bidhaa.

Kijivu hafifu nacho kimekuwa mtindo wa kuandikia maelezo madogo. #999999 juu ya nyeupe ni 2.85, inaanguka. Kijivu chepesi kabisa unachoweza kutumia ni #767676, chenye 4.54, na kwa soko la juani sisi tungeshuka hadi #444444 bila kusita.

Mandhari meusi yalienea kwenye simu tangu mwaka 2019, yalipoingia kwenye Android 10 na iOS 13. Ukiyaweka, usigeuze rangi tu kama negativu. Chukua #121212 kwa mandharinyuma na #E6E6E6 kwa maandishi, kisha ubadilishane machungwa: lile zito linashuka hadi karibu 3.2 juu ya weusi huo, wakati lile angavu linapanda hadi takriban 6.9. Nembo yenye mandhari nyeupe itaonekana kama kibandiko, kwa hiyo ihifadhi katika PNG au SVG isiyo na mandharinyuma.

Picha

Hakuna pambo linalouza dagaa kuliko picha safi ya dagaa. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua la utosi hufika karibu saa saba mchana, si saa sita. Saa za kupiga picha nje zinasogea vilevile: asubuhi hadi kama saa tatu na nusu, kisha kuanzia saa kumi na nusu hadi magharibi. Katikati ya hapo kivuli ni kikali na dagaa wakavu hugeuka mng'ao mweupe usio na umbo. Jioni jua liko upande wa ziwa, hivyo lipe ziwa mgongo na bidhaa iwe mbele yako. Gusa skrini pale dagaa wanapong'aa zaidi, halafu punguza mwanga kidogo kabla ya kupiga.

Kama dagaa wameanikwa juu ya chanja, chanja ionekane. Mnunuzi wa mbali anaogopa mchanga, na picha hiyo inamjibu kabla hajauliza. Mawese yapige yakiwa kwenye chupa inayopitisha mwanga, karibu na dirisha, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ili kupunguza kivuli. Usiongeze wekundu kwenye programu ya picha. Mteja akipokea mafuta yenye rangi tofauti na aliyoiona, ataamini yamechanganywa.

Baada ya hapo punguza uzito. Picha ya simu ina MB 3 hadi 5. Kumi za namna hiyo ni zaidi ya MB 30 za bando la mtu mwingine. Kata kwa uwiano wa 4 kwa 3, shusha upana hadi pikseli 1080, hifadhi kwa WebP, muundo mwepesi wa picha, yenye ubora wa 75. Programu ya Squoosh inafanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Lenga chini ya KB 100 kwa picha. Ikigoma kushuka, mara nyingi ni kwa sababu ya mchanga au majani ya nyuma, yenye vitu vidogo vingi. Sogea karibu upige upya.

Kila picha iandikiwe upana na kimo chake kwenye msimbo. Usipofanya hivyo, ukurasa utaruka picha inapofika, na mteja aliyetaka kugusa "Agiza" atajikuta amegusa kitu kingine. Picha za chini zipewe loading="lazy", agizo la kusubiri kushushwa hadi msomaji azikaribie, ila ile ya kwanza kabisa usiipe, kwa sababu utaichelewesha ile ambayo mtu anaisubiri.

Mitindo ya sasa

Vijisanduku vya ukubwa tofauti vilivyopangwa kama vigae tunavipenda kwa duka. Kila bidhaa inapata sanduku lake: picha, jina, kipimo, bei. Andika kipimo ambacho watu wananunulia, kama kilo ya dagaa au dumu la lita 20 la mawese. Kwenye simu masanduku yote yatapangana safu moja, kwa hiyo bidhaa inayotoka zaidi iwe ya kwanza kwenye msimbo.

Kioo chenye ukungu, yaani sanduku linaloonyesha kwa ufifi kilicho nyuma yake, kilirudi kwa nguvu mwaka 2025, Apple ilipokiweka kwenye iOS 26. Kwenye simu ndogo ukungu huo unalemea kichakataji, na maandishi yanabadilika usomekaji kila picha ya nyuma inapobadilika. Kiache. Ziache pia picha zinazojizungusha zenyewe juu ya ukurasa: ya pili na ya tatu zinalipiwa bando na watu wachache huzisubiri. Video ya kujicheza nyuma ya maandishi haina nafasi kabisa hapa.

Mwendo mdogo wa kitufe kinapoguswa ni mzuri, usizidi sekunde 0.2.

Kitufe cha oda

Kimo kiwe pikseli 48, upana karibu wa skrini nzima, na kiandikwe kazi yake: "Agiza kwa WhatsApp". Kiungo ni wa.me/ ikifuatiwa na 255 na namba bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Wengi husahau kuondoa sifuri hiyo, na kiungo kinagoma kufunguka.

Kujaribu

Zima Wi-Fi, washa data, kisha ufungue ukurasa kwenye simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima. Kitu kikubwa zaidi cha juu kionekane ndani ya sekunde 2.5, kiwango ambacho Google inakihesabu kuwa kizuri. Toka nje saa saba mchana, punguza mwanga wa skrini hadi nusu, mpe mtu asiyeijua tovuti akutajie bei ya kilo moja ya dagaa. Halafu nenda kwenye mipangilio ya simu, kuza herufi hadi mwisho, uangalie kama kuna neno lililokatwa au kitufe kilichofunikwa. Kikikatika kitu, legeza kimo cha sanduku lake badala ya kupunguza herufi; kimo kilichofungwa kwa pikseli ndicho chanzo cha kawaida.