Mtito Andei hadi Voi kwa baiskeli
Nyie mnaopanga kuendesha na kundi kutoka Nairobi mpaka Mombasa, siku ya Mtito Andei kwenda Voi msiichukulie poa jamani. Ni karibu kilomita 100, mbuga ya wanyama ya Tsavo iko kulia na kushoto, maduka machache na jua likishapanda ni moto tupu, kwa hivyo tokeni kukipambazuka tu, kila mtu abebe chupa zake za kutosha, moja itiwe chumvi kidogo na sukari, na usingoje kiu ndio unywe. Malori nayo yakikupita upepo wake unakusukuma kwanza halafu unakuvuta, pangeni mstari mmoja, wa mbele akiona shimo aonyeshe kwa mkono, wa nyuma akisikia lori apige kelele. Anayeenda polepole awekwe mbele, si nyuma.