Usinunue bahasha ya nyambizi kabla hujaisoma

Nimegonga mihuri kaunta ya posta miaka 27, mingi yake hapa Lindi mjini. Kila asubuhi tulibadilisha tarehe, tukagonga mara moja kwenye karatasi taka kuona wino umekaa, ndipo barua zikaanza. Ndiyo maana nikishika bahasha ya zamani macho yangu huenda kwenye muhuri kwanza, stempu baadaye.

Bahasha ninazozitafuta ni za mabaharia wa nyambizi wa Vita Kuu ya Pili. Babu mzaa mama alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma. Alitusimulia habari za Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa na askari wa Afrika Mashariki, ikazamishwa na nyambizi ya Japani I-27 Februari 1944. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Barua za babu mwenyewe hatuna hata moja iliyo kamili, kwa sababu mjomba alizilowesha majini akabandua stempu ili auze, bahasha zikaishia jalalani. Mihuri, tarehe, anwani, vyote vilikwenda na zile bahasha. Kwa hiyo nakusihi, stempu usiiguse.

Anza na za Marekani, ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Kabla ya vita muhuri wa posta ya meli ulikuwa na jina la meli, na hizo kila mtu anaweza kuzisoma. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, majina yakaondolewa ili adui asijue meli iko wapi. Mjukuu wangu aliniuliza, "Sasa bibi, unajuaje ni ya nyambizi?" Nikamwonyesha kona ya juu kushoto, anwani ya mtumaji. Pale baharia aliandika jina lake, jina la chombo chake, kisha Fleet Post Office, yaani posta ya meli za kivita, San Francisco kwa waliokuwa Pasifiki, au New York kwa wa Atlantiki. Bahasha iliyochanika kona hiyo mimi siinunui, hata iwe safi namna gani kwingine.

Hii niliyo nayo mezani imetoka nyambizi ya Marekani USS Drum. Muhuri wa duara umeandikwa U.S. Navy na tarehe 15 Juni 1942, basi. Juu kulia kuna stempu nyekundu ya senti 6 yenye ndege. Barua ya kawaida ya askari ilikwenda bure tangu Aprili mwaka huo, mtu akiandika Free palipopaswa kuwa na stempu, ila akitaka ipande ndege alilipa senti 6. Chini kushoto upo muhuri wa mkaguzi, Passed by Naval Censor, na ndani yake herufi mbili za kalamu ya wino. Ofisa wa nyambizi hiyohiyo ndiye aliyesoma barua za wenzake akatia sahihi.

Sasa pima tarehe na safari za chombo. Drum iliondoka Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, tarehe 14 Aprili 1942 kwenda pwani ya Japani, ikarudi tarehe 12 Juni. Barua iliyogongwa siku tatu baada ya kurudi inaeleweka kabisa: watu wameshuka, barua za miezi miwili zinatolewa. Ningeletewa yenye tarehe 20 Mei ningeuliza maswali mengi, maana siku hiyo walikuwa baharini, na nyambizi haisimami njiani kupokewa barua. Kazi hii ya kulinganisha tarehe ndiyo inayonipa raha kuliko kununua kwenyewe.

Za Ujerumani zina namba badala ya jina. Ni namba ya Feldpost, yaani posta ya jeshi, na za jeshi la majini hutanguliwa na herufi M. Bila orodha ya namba hizo usimwamini muuzaji kwa mdomo tu. Za Hispania za Agosti 1938, kabla ya vita hiyo, zilizobebwa na nyambizi C-4 kutoka Barcelona hadi Mahón, ni nzuri kwa macho, lakini stempu zake zilitolewa zaidi kwa ajili ya wakusanyaji, na mimi napenda barua ya mtu aliyemwandikia mama yake.

Omba picha ya mbele na nyuma. Ikifika, tazama muhuri kwa kioo cha kukuzia: ukiona vitone vidogovidogo vya rangi, huo umechapwa kwa mashine ya kompyuta. Mwambie muuzaji aiweke katikati ya maboksi mawili yaliyokatwa, aitume kwa rejista.

Kuitunza huku kwetu ndiyo shughuli. Mvua za Desemba hadi Aprili hulainisha gundi, mdomo wa bahasha ukajifunga wenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe hutoa jasho, basi sanduku lisigusane na ukuta wala sakafu. Tumia mifuko ya plastiki ya poliesta, si ile laini yenye harufu, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Selotepu hapana. Kusi likivuma na hewa ikakauka, toa zote uzipunge upepo ndani ya nyumba, mbali na jua. Maelezo yako andika kwa penseli kwenye kadi ya pembeni: jina la nyambizi, tarehe ya muhuri, ilikuwa wapi wiki hiyo, na ulilipa shilingi ngapi.