Kwenda Lucca na watoto kwa treni ukiwa Firenze

Wengi wetu hapa Malindi tuna mtu Italia, dada kaolewa kule ama shemeji afanya kazi, so ukipata ile safari ya kwenda kuwaona na uko Firenze na watoto washachoka kukaa ndani, wapeleke Lucca siku moja. Sisemi Venice wala Roma. Kuwakimbiza watoto na ile treni ya kasi mpaka mji wa mbali halafu wapangwe foleni juani ndo waone sanamu, hio ni adhabu na pesa yote yaishia njiani. Lucca ni mji mdogo, tambarare, wa kale, umezungukwa na ukuta mzima hadi leo na watu huendesha baiskeli juu ya huo ukuta.

Treni yenyewe si kama SGR. Kwa steshen ya SGR Miritini, Mombasa, wafika mapema, mabegi yapita kwa mashini, mbwa wanusa, una siti yako. Kule treni ya mkoa, waiita regionale, waingia tu kama matatu na kukaa popote. Bei yake haipandi hata ukikata dakika ya mwisho, kwa hivo usihangaike kubuku. Mtoto chini ya miaka 4 bure, kuanzia 4 mpaka hajafika 12 alipa nusu.

Sasa tiketi, manake hapa ndo watu huliwa pesa. Ukinunua ya karatasi lazma uigonge muhuri kabla hujapanda, kuna kimashini kidogo pale pale steshen karibu na reli, wachomeka ncha ya tiketi yalia trrr yatoka na tarehe na saa. Gonga ya kila mtu, na za watoto pia. Kondakta akikukuta nayo haijagongwa ni faini, na "sikujua" huko hailiki. Ya kwa simu haigongwi, ila ilikuwa na chekin yake, angalia kwa app kama bado yatakikana kabla treni haijatoka. Na mtu akikujia mwenyewe akusaidie kubonyeza mashini ya tiketi, mwambie grazie no na ushike mkoba wako vizuri.

Kwa ubao wa treni pale steshen usitafute neno Lucca. Treni huandikwa inakoishia, na ya Lucca mara nyingi ni ile ya Viareggio, yapitia Prato, Pistoia, Montecatini na Pescia ndo ufike, saa moja na dakika 20 hivi au zaidi. Karatasi za manjano ukutani ndo za treni zinazoondoka, nyeupe ni za zinazofika, usichanganye. Na saa zao ni za 24, 15:05 ni saa tisa na dakika tano mchana, hesabu pole pole msije mkaachwa.

Ukishuka Lucca ukuta uko mbele yako tu, vuka barabara uingie lango la Porta San Pietro. Baiskeli za kukodi zipo Piazza Santa Maria upande wa pili wa mji, hata zile za familia za kukaa wote pamoja. Duara lote ni kilomita 4 na kidogo, njia pana, miti pande zote, gari hamna. Lakini ukuta una kimo cha mita 12 hivi na sehemu nyingi pembeni hapana cha kumzuia mtoto, so wale wadogo washike mkono.

Kisha nenda kanisa kuu la San Martino, huna haja hata ya kuingia. Hapo barazani, nguzo ya kulia, kumechongwa mzunguko wa njia zilizopotoshana, waweka kidole nje watafuta njia ya kufika kati. Vidole vya watu vimeupitia miaka mingi mpaka umelainika. Watoto watagombania. Torre Guinigi nayo ina miti imeota juu kabisa ya mnara, ila ngazi ni zaidi ya 200 kwa hivo mwenye magoti mabovu akae chini na gelato, ile aiskrimu yao.

Chakula: mikahawa mingi hufunga jiko kama saa nane na nusu mchana, kuleni mapema. Tafuta cecina, ni ya unga wa dengu na mafuta ya zeituni, ule unga wa bajia, haina nyama kabisa. Focaccia, mkate wao wa bapa, uliza kwanza kama ina strutto, ndo mafuta ya nguruwe hayo. Gelato ya malaga huwa na ramu na zuppa inglese ina pombe pia, wape watoto pistachio.

Kurudi, kama bado wana nguvu, pitia Pisa, ni nusu saa tu. Ushuke Pisa San Rossore sio Centrale, ule mnara ulioinama uko karibu kwa miguu. Chini ya miaka 8 hawaruhusiwi kupanda, msiwaahidi. Pisa Centrale mpaka Firenze treni ni nyingi.

Na siku moja kabla ya kutoka angalia kama kuna sciopero, yaani mgomo, wao hugoma sana. Siku za kazi treni za mkoa zinazohakikishwa hata wakigoma ni za saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, na saa 12 mpaka saa 3 usiku. Choo cha steshen hulipiwa, weka sarafu.