Endesha prosesa ya SAP-1 kwa penseli tu

Kabla hujafungua simuleta yoyote chukua karatasi kwanza, manake wengi wanarukia prosesa zenye paipulaini (zinazoshughulikia amri kadhaa kwa mpigo) halafu wanaishia kukariri michoro. SAP-1 (Simple-As-Possible, kompyuta ya kujifunzia) ni kadogo kweli, memori baiti 16, amri 5, basi.

Hatua ya 1: chora visanduku. Kaunta ya programu (biti 4, inashika anwani ya amri inayofuata), rejista ya anwani (rejista ni kihifadhi kidogo cha namba moja), memori, rejista ya amri, rejista A na B, kijumlishi, na rejista ya kutolea jibu. Katikati pitisha njia moja ya biti 8 wanayoshea wote. Anayeongea humo ni mmoja tu kwa zamu, wakiongea wawili data inavurugika.

Hatua ya 2: jaza memori, kwingine kote weka sifuri.

0: 0000 1110 (LDA 14, pakia namba kwenye A)
1: 0001 1111 (ADD 15, jumlisha kwenye A)
2: 1110 0000 (OUT, toa jibu)
3: 1111 0000 (HLT, simama)
14: 0001 1100 (28)
15: 0000 1110 (14)

Biti 4 za kushoto ni amri, za kulia ni anwani. Kwa hiyo ADD 15 haijumlishi 15, inajumlisha kilichomo kwenye anwani ya 15, hapa ndo kila mtu anakosea, hata mi nilikosea.

Hatua ya 3: tembeza kloki. Kila amri ina mapigo 6 ya kloki, T1 hadi T6. T1 kaunta inapeleka anwani kwenye rejista ya anwani, T2 kaunta inaongezeka moja, T3 memori inamwaga baiti na rejista ya amri inaidaka. Hayo matatu hayabadiliki kamwe. Kwa ADD, T4 anwani inatoka rejista ya amri kwenda rejista ya anwani, T5 B inadaka namba, T6 jibu linaingia A. LDA yenyewe inamaliza T5, T6 inakaa bure.

Sasa cheki baiti ya 0 na ya 15, si zinafanana kabisa? Memori haijui ipi amri ipi namba, ikidakwa T3 ni amri, ikidakwa T5 ni namba.

Hatua ya 4: ukishapata 42, futa HLT, weka sifuri, uendelee kutembeza. Kaunta itapita hadi 14 na ile 28 yako itasomwa kama ADD 12, ya 15 itasomwa LDA 14, halafu kaunta inajaa inarudi 0 na 42 inatoka tena. SAP-1 haina amri ya kuruka, na hapo ushatengeneza lupu bila kutaka.