Somo: Maverick ya haibridi ikigoma, anzia hapa kabla hujatoa hela

Wakuu, salaam. Tangu Ford ilete Maverick sokoni mwishoni mwa 2021, naona ndugu wengi tulioko Marekani tunaitamani hii pikapu ndogo. Haibridi yake, yaani ile yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, inakwenda maili 42 kwa galoni mjini kwa vipimo vya serikali, na nyuma unapakia mbao, magodoro na magunia ya mkaa wa sherehe bila kuomba gari la mtu. Balaa huanza taa zinapowaka kwenye dashibodi. Fundi asiyezoea haibridi akisikia hilo jina tu, anarukia betri kubwa, na bei anayotaja inakukausha koo. Mara nyingi betri kubwa haina kosa lolote. Kwa hiyo mpangilio ni huu. Naongelea injini ya lita 2.5 ya haibridi, siyo ile ya turbo.

Hatua ya 1: Ingiza VIN yako nhtsa.gov, tovuti ya serikali ya usalama wa barabarani

Ni ile namba ya tarakimu na herufi 17, iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Tovuti itakuambia kama gari lako lina rikoli, yaani mtengenezaji analiita lirudi lirekebishwe bure. Hata ukiwa umelinunua mkononi, haki hiyo unayo. Mbili za kuangalia: ile ya 2022, iliyopanuliwa 2023, inayohusu injini ya 2.5 ikivunjika na kumwaga oili au mvuke wa mafuta sehemu zenye moto. Na ile ya Aprili 2024 ya Maverick za 2022 na 2023, ambapo kompyuta ilikuwa haitambui kwamba betri ya volti 12 imechoka, gari likaweza kuzimika barabarani. Hiyo ya pili dawa yake ni programu tu. Usimlipe mtu kwa kitu ambacho wakala wa Ford anatakiwa kukufanyia bure.

Hatua ya 2: Pima betri ndogo

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Haibridi hii ina betri mbili. Kubwa, ya lithiamu, ndiyo inayosaidia kusukuma gari. Ndogo, ya volti 12, ndiyo inayoamsha kompyuta na kuiruhusu ile kubwa iungane na gari. Ndogo ikifa, kubwa inaweza kuwa imejaa pomoni na bado gari halitoki. Dalili zake zinachekesha: skrini inajizima, taa za onyo zinawaka kwa mkupuo kama mti wa Krismasi, na programu ya simu inakuambia gari limeingia usingizi mzito.

Chukua multimita, kile kipima umeme. Fungua boneti, weka ufunguo mbali na gari, subiri kompyuta zilale, halafu pima. Volti 12.6 ni nzima. Chini ya 12.2 imeshuka karibu nusu, ichaji kwanza kisha uipime tena baada ya kulala usiku. Sasa washa gari mpaka liseme liko tayari kuondoka, pima tena. Ikipanda juu ya 13, mfumo wa kuchaji unafanya kazi.

Na hili mlishike: gari hili halina oltaneta (ya kuchaji betri) wala stata (ya kuwasha injini) ya kawaida. Betri ndogo inachajiwa na kibadilishi cha umeme kutoka betri kubwa. Fundi akikuandikia bili ya oltaneta, chukua ufunguo wako uondoke taratibu. Vivyo hivyo anayekuambia mkanda wa CVT (gia otomatiki isiyo na hatua) umekatika. Gia yake ni mota mbili za umeme na gia za sayari, mkanda haumo.

Ukibadilisha betri ndogo, iambie kompyuta kwamba ni mpya, vinginevyo itaendelea kuichaji kama kikongwe. FORScan, programu ya laptopu ya magari ya Ford, inafanya hivyo.

Hatua ya 3: Soma kodi za hitilafu mwenyewe

Adapta ya OBD, ile inayochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta zake, na FORScan kwenye laptopu vinatosha. Andika kodi zote kabla ya kuzifuta. Volti ikishuka, moduli (kompyuta ndogo za gari) nyingi hulalamika kwa pamoja, kwa hiyo kodi kumi si lazima ziwe magonjwa kumi. Chaji betri, futa, endesha, soma tena. Zitakazorudi ndizo za kushughulikia.

Hatua ya 4: Waranti

Yaani dhamana ya mtengenezaji. Gari zima miaka 3 au maili 36,000. Injini na gia miaka 5 au maili 60,000. Vifaa vya haibridi miaka 8 au maili 100,000, kinachotangulia. Kubadilisha oili kwa fundi wa mtaani hakufuti waranti. Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inakulinda. Ila tunza risiti, zenye tarehe na maili.

Onyo: nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, usizifungue, usizikate. Hizo ni za fundi aliyesomea umeme mkubwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, niko Minnesota. Breki pedi bado nene lakini nyuma panapiga kelele. Wakala anataka nibadilishe zote.

Jibu: Haibridi inapunguza mwendo kwa mota, breki zenyewe hufanya kazi kidogo, na chumvi ya barabarani inazila kwa kutu. Mwambie akuonyeshe pini za kalipa kama zinateleza. Mara nyingi kusafisha na kupaka grisi kunatosha. Diski ikiwa imechimbika, hapo badilisha. Fundi yeyote wa breki anaiweza kazi hii.

Swali: Nahama Ohio kwenda Texas, itavuta trela ya kukodi ya U-Haul?

Jibu: Haibridi ya 2022 hadi 2024 mwisho ni pauni 2,000, trela pamoja na mzigo. Trela yao ya kufunikwa ya futi 6 kwa 12 tupu tu ni kama pauni 1,900, usijaribu. Ile ya 4 kwa 8 ina kama 850, hapo una nafasi. Vitu vizito weka kwenye pikapu, ila usipite uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Swali: Bosi, nikirudi Kenya naweza kuja nayo?

Jibu: Hapana, ndugu. Usukani wake uko kushoto, na Kenya haisajili magari ya kushoto kwa matumizi ya kawaida. Ford haitengenezi Maverick ya kulia. Na usidanganywe kwamba spea za Ranger zitaingia. Ni magari tofauti kuanzia chesisi. Iuze huku ingali na waranti ya haibridi.