SOMO: Kukusanya na kutambua mende wa msituni (mfano: Amani, Usambara Mashariki)

Naandika mara moja, maana nimechoka kutumiwa picha ya mdudu aliyebondwa na kandambili, chini yake "mkuu, huyu aina gani?" Aina za mende duniani zinapita 4,000, wanaotusumbua majumbani ni kama 30 tu. Hapa nazungumzia hao wengine.

1. Kibali kwanza. Msitu wa hifadhi wa Amani uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na utafiti hupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia).

2. Beba tochi ya kichwa, kibano, chekeche, chupa ndogo na ethanoli (spiriti ya kuhifadhia) ya asilimia 80.

3. Mchana chekecha majani makavu, pekua magome na magogo. Gogo lirudishe ulivyolikuta.

4. Usiku, kuanzia saa mbili, mulika juu ya majani ya vichaka. Kinga mdomo wa chupa chini ya jani, kisha mguse mende kwa juu. Wengi hujiangusha wenyewe ndani.

5. LEBO. Safari yangu ya kwanza niliandika kwa kalamu ya wino, nikabandika nje ya chupa. Chupa moja ikavuja ndani ya begi. Nilipofika nyumbani, lebo zote zilikuwa madoa ya bluu, na mende wa wiki mbili hawana kwao. Niliwamwaga. Andika kwa PENSELI, kwenye karatasi ngumu, uitumbukize NDANI ya chupa, palepale msituni. Usisubiri jioni, utachanganya tu. Na "Tanga" haitoshi: weka mahali, namba za GPS za mahali hapo, mwinuko, tarehe, jina lako, na ulimtoa wapi (chini ya gogo? juu ya jani?).

6. Kutambua. Hakikisha ni mpevu, si tunutu (mtoto wa mende). Kukosa mabawa si ushahidi, kwani majike wa aina nyingi hawana mabawa hata wakikomaa. Kujua kama ni dume, tazama ncha ya tumbo: kwa aina nyingi dume mpevu ana vijiti viwili vidogo katikati ya vipapasio viwili vya nyuma. Miiba ya paja la mbele husaidia kupata jenasi (kundi la aina zilizo ndugu). Spishi (aina yenyewe), mara nyingi, ni mpaka upasue viungo vya uzazi vya dume, chini ya hadubini.

MASWALI

— Mkuu, picha hii ni aina gani?
Hatua ya 6.

— Mbona mkali? Nimeuliza tu.
Picha ya mgongo, haina kipimo wala mahali. Hata mimi sina ramli.

— Dawa nzuri ya mende jikoni?
Si hapa.

— Nimesikia mchwa nao ni mende. Kweli?
Kweli kabisa, na swali zuri. Vinasaba vinawaweka ndani ya ukoo wa mende. Ndugu yao wa karibu ni Cryptocercus, mende anayekula mbao huko Marekani ya Kaskazini na Asia. Tumboni ana vijidudu vya kumeng'enya mbao vinavyofanana na vya mchwa. Halafu yule tunayemwita "mende wa Marekani" asili yake ni Afrika, alipanda meli tu.

— Mimi hutega kopo la kufukia, chambo ndizi iliyochacha. Wanatoka!
Paka mafuta ya mgando ukingoni kwa ndani. Miguu inateleza.

— Nimepaka. Asubuhi nimekuta mabawa matupu.
Siafu hao. Hamisha kopo, na usiku likague kila baada ya saa mbili.