Somo: Mwaridi, maji na samadi hapa kwetu Lamu

Assalaam aleikum wapenzi wa maua. Wengi mmeniuliza nautilia nini mwaridi wangu wa kiwandani (kwa wasomaji wa bara: kiwanda kwetu ni ua wa ndani ya nyumba, sina mashine yoyote). Mnategemea nitaje mbolea. Mimi naanza na maji, maana miwaridi mingi niliyoiona ikifa mji huu haikufa njaa.

Hatua ya 1: Onja maji. Sifanyi mzaha. Chota kwa kata, weka ulimini. Maji matamu yetu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, lakini visima vingi vya mjini vina chumvi, na mwaridi hauiwezi chumvi. Majani hukauka kingoni, rangi ya karatasi iliyopitishwa karibu na moto, na udongo wa chungu hutanda unga mweupe. Kaskazi moja (msimu wetu wa joto na ukavu), kwa uvivu wa kungoja mfereji, nilitumia maji ya kisima miezi miwili. Zikabaki fito. Sasa masika nakinga maji ya darini kwenye tangi, nayatunza hadi Januari.

Hatua ya 2: Nywesha hadi chini. Mchanga haushiki maji. Mti mkubwa upe ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki. Kaskazi ikikaza, mara tatu. Ukiupa kikombe kimoja kila siku, mizizi hubaki juu juu na jua la saa saba likaikaanga. Mwaga polepole shinani baada ya sala ya Alfajiri. Majani yakilala na maji, subiri madoadoa meusi. Wa chungu, tumbukiza kidole hadi kiungo cha pili: kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yapenye tundu la chini.

Hatua ya 3: Funika udongo. Makumbi (maganda ya nje ya nazi) au majani makavu ya mwembe, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yasuuze kwanza, yamekunywa bahari.

Hatua ya 4: Lisha kidogo kidogo. Ulaya huacha kulisha kiangazi kikielekea mwisho, matawi yakomae kabla ya baridi. Kwetu mwaridi haulali, huchanua mkupuo baada ya mkupuo mwaka mzima, basi na chakula kiende hivyo hivyo. Samadi ya punda tumejaaliwa, tena bure. Ila isiwe mbichi! Irundike, ifunike, ikae miezi mitatu au zaidi. Ikiwa tayari, ukiishika ni nyeusi, inamong'onyoka na inanuka udongo wa mvua. Ikikuchoma pua bado. Mti mmoja, karai nusu kila miezi mitatu.

Katikati ya hapo, kijiko kimoja cha chakula cha NPK 17-17-17 (mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) kila wiki tano au sita. Kinyunyize duara, shubiri moja kutoka shinani. Mwagilia kabla, mwagilia na baada. Mbolea juu ya udongo mkavu huunguza mizizi. Mvua kubwa za masika huiosha mbolea mchangani, kwa hiyo ngoja zipungue ndipo uweke.

Maswali

*Dada wa Malindi: Wangu una majani ya kupendeza, maua hakuna. Naweka CAN kila mwezi.*
Ndiyo hiyo CAN, dada yangu, mbolea ya dukani ya naitrojeni. Naitrojeni peke yake hukupa majani. Iache, rudi kwenye NPK. Na je, unapata jua saa sita kwa siku? Kivuli cha ukuta hakitibiwi kwa mbolea.

*Kijana wa Langoni: Shikamoo mwalimu. Majani machanga ni manjano ila mishipa ni kijani. Bibi ananiambia nitie majivu.*
Marahaba. Bibi mheshimu, majivu usitie. Udongo wetu ni wa matumbawe, umejaa chokaa, na chokaa huuzuia mmea kupata madini ya chuma. Majivu yatazidisha. Maganda ya mayai vilevile. Ongeza mboji, na duka la pembejeo uulizie chuma cha kunyunyizia majani. Yangekuwa majani ya chini, manjano yote, ningesema njaa.

*Bi wa Mkomani: Binti yangu ana harusi, nataka mawaridi ya vikuba (vishada vya maua ya kunukia wanavyovaa wanawake). Nikichuma mengi mti utachoka?*
Hongera bibie! Chuma, mti hupenda. Kata juu ya jani lenye vijani vitano, usikate juu ya lile la vitatu, na makasi yawe makali. Siku ya pili upe ndoo yake na kijiko chake. Mkupuo mwingine utauona baada ya wiki sita hadi nane, hivyo hesabu kuanzia siku ya harusi kurudi nyuma, ujue lini uanze kupogoa.